Kiti cha Marvene Hruska

Kabla ya Januari ile, hakuna mtu katika maktaba ya Tollgate, Iowa, aliyewahi kumuuliza Marvene Hruska anakipigia kura chama gani. Hawakuuliza kwa sababu walidhani wanajua. Kwa hesabu za chumba cha chai, wakutubi wote wako upande mmoja, na asiye upande huo hawezi kuwa mkutubi. Ndivyo walivyoishi naye zaidi ya miaka ishirini, wakila keki zake za kolache zenye plamu katikati, wakimsifia mkono wake, na kumsengenya mbele yake bila kujua kwamba wanamsengenya yeye.

Maana walisengenya, tusifichane. Kila baada ya uchaguzi, kaunti ikishakipa ushindi chama cha Republican kama kawaida yake, chumba cha chai kilikuwa na msiba. Annika Thorsgaard, mkutubi wa watoto na rafiki mkubwa wa Marvene, ndiye aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote. "Sijui hao watu huwa wanasoma nini," alisema mwaka mmoja, mkate mkononi. "Kama wanasoma." Watu wakavunjika mbavu. Marvene akainuka kwenda kusuuza kikombe ambacho kilikuwa safi.

Hao watu. Baba yake Marvene alikuwa mmoja wa hao watu. Alifuga nguruwe maili kadhaa nje ya mji, mikono yake ikinuka hata Jumapili, na gari la maktaba lilipokuwa likisimama kwenye njia panda ya mashambani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Alisoma historia ya vita, alisoma tenzi, alisoma kitabu kizima cha ufugaji wa nyuki na hakuwa na mzinga hata mmoja. Alikuwa na imani yake: kwamba serikali ikae mbali na uzio wake, kodi isizidi, na Mungu asifukuzwe hadharani. Bintiye alirithi imani hiyo pamoja na kiu ya vitabu, na hakuona kwamba moja inaikataza nyingine. Sasa mtu mwenye shahada, anayekula keki ya binti wa mzee yule, anasema hawasomi. Maneno hayo akayameza mwaka hadi mwaka, kwa kuwa kazi aliipenda na Annika alimpenda.

Bango lilining'inia juu ya jiko la chai: MAKTABA NI YA WOTE. Marvene alilitazama kila akichemsha maji.

Iowa wana desturi yao ya kuwachuja wagombea urais. Majirani hukutana jioni moja ya baridi kali, popote penye viti na joto, wakawatetea wagombea wao mbele ya macho ya wenzao kisha wakapiga kura. Januari ile chama cha Marvene, Republican, kiliomba ukumbi wa maktaba kwa mkutano wa mtaa wake. Marvene alifungua mlango, akawasha taa, akapanga viti. Halafu akavua kitambulisho chake cha kazi, akakitia kwenye droo na kuketi katikati ya majirani zake kama raia mwingine yeyote. Wakamchagua katibu papo hapo, kwani nani anajua kuhesabu karatasi kama mkutubi?

Annika alipita kuchukua vikaragosi vya hadithi za asubuhi. Akamwona kupitia mlango wa kioo. Marvene akampungia mkono. Annika akainua wake nusu, akaushusha.

Watu wa kule hawagombani. Hukuzidishia adabu. Kesho yake Marvene alisalimiwa kwa heshima ambayo hajawahi kupewa, na alipoingia chumba cha chai maongezi yakawa ya theluji. Sahani ya kolache aliyoiacha mezani Jumanne aliikuta Jumatano imejaa vilevile. Nani anasusa keki? Hata mimi ninayesimulia, niliyeishi na watu hawa nikawajua wema wao, hilo linanipandisha mori mpaka leo.

Masika yakaja, na Dwight Sedlacek naye akaja. Dwight alikuwa mkulima mstaafu mwenye mjukuu kijana, mpitisha sadaka kanisani kwa akina Marvene, na alitaka riwaya moja ya vijana iondolewe rafuni kwa sababu ya mambo ya chumbani yaliyoandikwa humo. Maktaba ilikuwa na utaratibu wake kwa malalamiko ya namna hiyo: wakutubi watatu wanakisoma kitabu chote, jalada hadi jalada, kisha wanapiga kura. Sharti la kukisoma chote aliliweka Marvene mwenyewe, zamani, baada ya kugundua kwamba wenzake walikuwa wakitetea vitabu wasivyovifungua, sawa na walalamikaji walivyovishambulia bila kuvifungua. Kiti chake kwenye kamati ile alikithamini kuliko mshahara. Pale, na pale tu, alikuwa akiulizwa anafikiri nini.

Akakichukua kitabu nyumbani, akakisoma hadi mwisho. Hakukipenda. Kurasa fulani zilimchefua akamwambia mumewe, Leland, kwamba mwandishi angehitaji kuoga. Hata hivyo alikuwa ameshaamua kura yake: kibaki.

Hakupata nafasi ya kuisema. Mkurugenzi, Corinne Luedtke, alimwita ofisini na kufunga mlango polepole, kama mtu anayeleta habari za ugonjwa.

"Marvene, safari hii nimekutoa kwenye kamati," alisema. "Ni kwa faida yako. Dwight ni mtu wa kanisani kwenu. Sitaki uwe njia panda."

"Na Annika yumo?"

"Yumo."

"Annika ndiye aliyekiagiza kitabu. Yeye mbona hayuko njia panda?"

Corinne akasema hilo ni tofauti. Marvene akauliza tofauti gani. Corinne akapanga kalamu zake, kisha akasema kuna watu wanajiuliza ni nani aliyemtonya Dwight kwamba kitabu kile kipo.

Hao watu wanaojiuliza, Marvene alikuwa amewashika mikono kwenye mazishi ya mama zao. Annika, alipoachwa na mumewe, alilala kwenye kitanda cha wageni cha akina Hruska kwa wiki kadhaa, na Leland ndiye aliyemhamishia samani kwa lori lake la nafaka. Na sasa mwanamke aliyelinda siri za wasomaji wa mji mzima, anayejua nani aliazima vitabu vya talaka na nani vya ulevi bila kumnong'oneza hata mumewe, anafanywa mpelelezi. Alitoka ofisini upesi, kabla hajatukana.

Kamati ikaamua kitabu kibaki. Dwight akakata rufaa kwenye bodi ya maktaba, na bodi ikaitisha kikao cha wazi. Ukumbi ulijaa: upande mmoja wakutubi na rafiki zao, wote wamebandika kifuani beji ndogo ya kitabu kilicho wazi, upande wa pili Dwight na nusu ya parokia. Marvene aliketi nyuma kabisa, karibu na makoti. Raia yeyote huruhusiwa kusema dakika tatu, akitaja jina na mtaa anaokaa. Jina lake lilipoitwa, pande zote mbili ziligeuka, na zote mbili zilidhani zinajua atakalosema.

"Marvene Hruska, mtaa wa Cedar," alisema. "Nimekisoma chote. Ni kitabu kibaya. Bakini nacho."

Mtu akacheka upande wa wakutubi. Yeye hakucheka.

"Dwight, wewe na mimi tumekuwa tukisema maisha yetu yote kwamba serikali isituingilie nyumbani. Tulisema Januari, humu humu, mimi nikiandika kumbukumbu. Leo unaiomba serikali ikae mlangoni kwa jirani yako imchagulie mwanawe cha kusoma. Siku watakapoingia wengine madarakani, wakaja mlangoni kwako na kitabu chako cha sala, utawaambia nini? Mjukuu wako mlee mwenyewe. Sisi ndivyo tulivyolelewa."

Dwight alitazama kofia yake. Marvene akawageukia wenye beji.

"Nanyi wenzangu. Mlinitoa kwenye kamati kwa jinsi ninavyopiga kura. Hakuna aliyeniuliza nimesoma nini wala nimeonaje. Mnasema maktaba ni ya wote, na mimi nimefanya kazi chini ya bango hilo nikijificha kama mwizi. Limenichosha. Hayo tu."

Dakika zilikuwa zimebaki, akaziacha. Bodi ikapiga kura, na wengi wakasema kitabu kibaki.

Penye makoti, watu wa parokia walimpa kisogo, wakavaa makoti yao na kutoka. Hilo alilitegemea, ingawa liliuma. Asilolitegemea ni Annika, aliyemrukia shingoni huku machozi yakimtoka, akimwomba msamaha kwa kila kitu, na keki zikiwamo. Marvene alimkumbatia kwa moyo wote, kwa kuwa alikuwa na hamu naye sana. Ndipo Annika akamwambia sikioni, "Nilijua tu. Nilijua wewe si mmoja wao."

Marvene akamtoa mabegani taratibu.

"Mimi ni mmoja wao, Annika. Hukusikia niliyoyasema?"

Annika akatabasamu kama mtu aliyeambiwa mzaha, akavua beji yake na kutaka kumbandika Marvene kwenye sweta. Marvene akaushika mkono wake kabla haujafika.

Jumatatu, Corinne alikuja mwenyewe hadi kwenye dawati la maulizo, uso umekunjuka. Alisema alimkosea. Alisema maneno yale kwenye kikao yaliigusa bodi nzima, na kwamba kiti chake kwenye kamati kiko pale pale, kinamsubiri.

"Sasa tumejua umesimama wapi," akaongeza kwa upole.

Kiti kile Marvene alikuwa amekililia kwenye bega la Leland majira yote ya masika. Kilikuwa mbele yake, kunyoosha mkono tu. Aliweka chini vitabu alivyokuwa akivipanga.

"Corinne, nikuulize. Ningesimama pale nikasema kitabu kitolewe, nimekisoma na hiyo ndiyo fikra yangu, leo ungenirudishia kiti?"

Corinne akautazama mlango. Alikuwa mtu mkweli, hakuweza kusema ndiyo, na hilo ndilo lililomponza.

"Basi si kiti changu hicho," Marvene alisema. "Ni zawadi kwa mtoto aliyejibu vizuri. Kaa nacho. Siku utakayoweza kumpa mtu asiyekubaliana nawe, nitafute. Nipo hapa hapa."

Mkurugenzi akarudi ofisini kwake. Marvene akavuta kiti cha dawati na kukikalia. Simu ikalia. Mtu mwenye sauti kavu, hakutaja jina, alitaka kujua mizinga ya nyuki ifungwe vipi baridi ikija. Marvene akamwambia asubiri, akaenda rafuni, akarudi na vitabu viwili na kumsomea polepole ili apate kuandika. Hakumuuliza anakipigia kura chama gani.