Jembe Moja kwa Kila Mgonjwa

Nakumbuka, mwanangu, siku moja nilipojiona mtu wa haki kuliko wote hapa Kindu, na jinsi nyanya yangu alivyonishusha.

Nilikuwa kijana, mganga wa mifupa. Nyanya Amisa ndiye aliyenifundisha kuuvuta mguu uliovunjika, kuufunga vijiti, kisha kumvunja kuku mguu na kumfunga vilevile. Kuku akianza kutembea, tunajua na mgonjwa yu tayari. (Kuku wa siku hizo hawakunipenda hata kidogo.) Lakini ujira wa nyanya haukueleweka. Huyu alitoa mbuzi wawili, yule kikapu cha ndizi, mwingine asante tu. Mimi nikaona ni ovyo. Aliponiachia kazi nikatangaza: jembe moja kwa kila mgonjwa, tajiri kwa maskini, sina upendeleo.

Mchuuzi mmoja wa pembe za ndovu alivunjika mkono, akanilipa jembe bila hata kulitazama. Ghalani kwake yalikuwa tele.

Kisha akaja Mariamu kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, amemlaza mumewe mtumbwini, mguu umevunjika. Nilimtibu vizuri, nisijinyime sifa yangu. Kuku alipotembea, naye akasimama. Mariamu akaleta jembe, mpini wake laini kwa kushikwa miaka mingi. Nikalipokea, nikaliweka pamoja na mengine.

Mvua zikaanza. Nyanya alivuka mto kumwangalia mgonjwa, akarudi amenuna.

“Hatembei?” nikauliza.

“Anatembea. Lakini muke wake analima na kijiti. Wenzake wamepanda mupunga, yeye bado. Ulitengeneza muguu, ukavunja nyumba.”

“Lakini nyanya, kila mutu analipa sawa!”

“Sawa gani? Yule wa pembe iko na majembe mingi. Huyu alikuwa na moja. Ile jembe ndiyo chakula ya watoto wake.”

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Sikuwahi kuuliza kama ana jembe jingine.

“Rudisha,” akasema. “Na mikono yako iende pamoja nayo.”

Basi nililima Alunguli siku nne, mvua mgongoni. Wanawake walikuja makundi kwa makundi kumcheka mganga aliyetoka malengelenge viganjani. Mume wa Mariamu, amekaa chini ya mti na mguu wake mpya, akawa msimamizi wangu: “Mganga, pale umeruka!” Hata mimi nikacheka. Mpunga ukaingia ardhini kabla msimu haujapita.

Mariamu peke yake hakucheka. Siku ya mwisho aliniletea maji, akasema taratibu:

“Sasa mutoto wangu akianguka, nitamuleta kwako. Ungebaki na jembe, ningemuficha ndani.”

Maneno hayo yalinichoma kuliko ukali wote wa nyanya.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, wewe unayeanza kazi hii: kabla hujataja ujira, uliza nyumba ile itabaki na nini. Mwenye ghala atoe zaidi, na akinung'unika mwache anung'unike, manung'uniko hayavunji mfupa. Asiye na kitu mtibu, ale, apande, akija na ndizi zake baadaye zipokee kwa furaha. Usichukue kile kinachomlisha.

Mungu aibariki mikono yako, akupe maisha marefu na kicheko kingi, na asiwepo mama atakayemficha mtoto wake kwa kukuogopa wewe.