Lorna na Mtambo Wake

Lorna Haugland hapendi kuitwa mhandisi. Husema kazi yake, pale ofisini kwetu Seattle, ni kuulea mtambo. Mtambo wenyewe ni programu tu: ukiupa maelezo ya huduma ya wingu, yaani inayotolewa kupitia intaneti, unaandika maktaba za msimbo, vipande vya programu vilivyo tayari kutumika, kwa lugha saba za kompyuta, ili programu za wateja ziweze kuitumia huduma hiyo. Lorna haandiki maktaba hizo. Hushughulika na faili la mipangilio, linaloueleza mtambo kitu gani kiitwe nini, jibu lisubiriwe kwa muda gani, na likichelewa ifanyweje. Kila faili unalotoa mtambo lina onyo juu yake: usiguse kwa mkono. Ukigusa, siku mtambo ukiwashwa tena, kazi yako inafutwa yote.

Ijumaa moja Lorna alikuwa na haraka. Mpwa wa mumewe alikuwa anaolewa Montana kesho yake, na mume huyo, Dale, alishapakia mizigo garini. Harusi mbili za ukoo zilikuwa zimempita Lorna kwa sababu ya kazi. Safari hii aliahidi kutoka saa sita mchana.

Asubuhi yakaja malalamiko. Wateja wanaotumia Python, mojawapo ya lugha zile saba, wakipakia mafaili makubwa, wanakatiwa katikati. Maktaba ilikuwa inakata tamaa mapema mno, na hali tatizo hilo lilirekebishwa wiki iliyopita. Lorna akasema, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, kwamba kuna mtu amehariri kwa mkono, na leo atavaa samaki. Samaki ni kofia ya samoni wa kitambaa, mdomo wazi. Mkosaji huivaa mpaka jioni, hata mikutanoni.

Wendell, bosi wetu, akaniomba niangalie kumbukumbu za mabadiliko. Nikaangalia, nikarudia kuangalia.

"Sema basi, nani?" Lorna akauliza.

"Ni wewe, mama."

Wendell alicheka mpaka akashika meza. Lorna akakumbuka: mteja alimlilia kwenye simu, akarekebisha upesi kwa mkono, akajiambia mipangilio ataiweka baadaye. Jana mtambo uliwashwa kwa ajili ya huduma mpya. Alivaa samaki bila ubishi, akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio, akauwasha mtambo. Ila majaribio ya maktaba hiyo yangechukua saa mbili, na Dale alikuwa keshafika chini.

"Nitamwambia anisubiri," akasema.

"Alishasubiri harusi mbili," Wendell akajibu. "Nenda zako. Tutayasoma sisi."

"Mkiona jaribio limefeli mtaingiza mikono."

"Kama nani?"

Akacheka, akachukua koti. Alasiri majaribio yote yakapita, tukaitoa maktaba, nikamtumia ujumbe. Jibu lilikuja papo hapo, likiuliza kama Java nayo tumeipima kwa faili kubwa. Kabla sijaandika neno, likafuata la pili: "Huyu ni Dale. Simu nimemnyang'anya. Tumeshapita mji wa Ellensburg."