Gunia la Mchele Kwenye Harusi ya Lamya

Ghanima hajawahi kuingia kwenye sherehe mikono mitupu, na hajawahi kutaja alichoingia nacho, isipokuwa mara moja tu. Mimi ni jirani yake hapa Buyenzi tangu tukiwa wasichana, namjua. Anatua beseni lake jikoni, anajifunga kitenge kiunoni, anaanza kumenya vitunguu. Ukimshukuru anakukaripia.

Marehemu mumewe alimwachia duka la sufuria na sahani, na kwa duka hilo amelea watoto wote. Mwaka 1997 alimwoza binti yake Lamya. Vita vilikuwa vimetuchosha, vikwazo vimetubana, bidhaa zikifika bandarini kwa mbinde, na rafu za Ghanima zilikuwa na vumbi jingi kuliko sufuria. Lakini tulichanga, kama tunavyochanga siku zote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kwa kuwa ilikuwa marufuku kutoka usiku, tulisherehekea mchana kweupe, mtaa mzima ukaona.

Akaona na Révérien, bwana wa ofisi ya kodi, aliyealikwa pamoja na mkewe Caritas. Alichelewa kutoka kazini, akala, akashiba, na kumbe alikuwa anahesabu mbuzi. Baada ya miezi michache ikaja barua: mjane mwenye harusi kama ile hawezi kuwa na mapato madogo kama aliyotangaza. Wakamkadiria kodi ya mfanyabiashara mkubwa. Asipolipa, duka litafungwa na kuuzwa.

Nilikasirika hadi nikavunja sindano ya cherehani. Harusi aliyokula mwenyewe! Ghanima alilia, akanawa uso, akatafuta wakili wa kuyapinga makadirio yale mahakamani.

Wakili akataka kila mmoja wetu asimame aseme alileta nini. Hapo tukakwama. Kwetu, kutaja ulichotoa mbele ya uliyempa ni kumsimanga. Ghanima ndiye aliyekataa kwanza.

"Apana," aliniambia. "Mi siwezi kupatia watu wangu haya."

"Na duka, Mama Lamya? Watoto watakula haya?"

Mwishowe akakubali, ila yeye atajifunika uso asituone.

Na kweli siku ya kesi alijifunika, mtandio hadi kidevuni. Nikasimama nikasema kreti za fanta zilikuwa zangu. Mashavu yaliniwaka utadhani nimeiba. Hamimu mchinjaji akasema mbuzi walikuwa wake. Révérien, aliyekuja kuitetea ofisi, akatabasamu.

"Bwana hakimu, hawa ni majirani, wamepatana. Na ile gunia nzima ya muchele? Wakati wa vikwazo! Jirani gani angeiweza?"

Nyuma kabisa akasimama mwanamke. Alikuwa Caritas, mkewe.

"Baba Gaël, ile muchele ni mi nilileta," alisema. "Nilichanga na dada zangu. We ulikuwa ku kazi. Na siku ya harusi yetu, sahani zote tulikulia zilitoka kwa huyu mama. Alikatazaga nikwambie."

Ukumbi wote ulicheka. Révérien akainamia mkoba wake, akatafuta kitu humo kwa muda mrefu sana. Hakimu alipojifuta machozi alisema ofisi haikuleta ushahidi mwingine wowote isipokuwa harusi, na zawadi za watu si mapato ya duka. Makadirio yakafutwa. Kutoka ndani ya mtandio tukasikia kigelegele.

Sasa kila mtu anajua nani alimpa nini, na Ghanima anarudisha. Kila Jumamosi yuko njiani na beseni, hii kwa Hamimu, ijayo kwangu, anacheka peke yake. Sijaona mtu aliyefurahia deni namna ile.

Gaël, mtoto wa Révérien, alipopata komunyo ya kwanza, tulialikwa kwao Mutanga Sud. Ghanima alishuka kwenye teksi na gunia la mchele. Nilidhani atalipitisha jikoni kimya kimya kama kawaida yake. Wapi! Alilisimamisha katikati ya wageni, akamwita mwenye nyumba.

"Baba Gaël, angalia muzuri. Hii muchele ni ya Ghanima. Kesho usijilipishe kodi yake."

Watu walishika mbavu, na Révérien alicheka kuliko wote. Kisha akavua koti, akajitwika gunia, akalipeleka jikoni mwenyewe.