Swali Lililokatazwa Mwaloni

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka siwezi kutulia. Ndiyo maana unaniona nazunguka hapa uani na ufagio na wala hakuna cha kufagia.

Kabla hatujahamia huku Kiwalani, mie niliolewa Ukerewe, kwa wavuvi. Kule mwaloni, mitumbwi inakofikia, palikuwa na mwiko mmoja: mvuvi akitoka haulizwi anakwenda wapi. Ukimuuliza umemtia mkosi, atarudi na nyavu tupu, lawama zote zako. Nilikuwa bibi harusi mgeni, lakini mdomo wangu unaujua.

Asubuhi ile ziwa lilitulia, jua linawaka. Mara upepo wa baridi ukaja, ukakata, ukaja tena kutoka upande mwingine. Sikuupenda hata kidogo. Baba yako alikuwa anasukuma mtumbwi majini. Jirani yangu Mama Kulwa naye alikuwa anamtazama mumewe akipanga nyavu. Amekunja mikono, kimya, mke mwenye adabu zake. Mie nikashindwa. Nikamuuliza mume wangu mbele za watu anaelekea wapi.

Alinikata jicho hilo! Wanaume wakaguna, mmoja akasema nirudishwe kwa mama mkwe nikafundwe upya. Nikauliza tena. Ili ninyamaze tu, akanijibu kwa hasira kuwa anakwenda nyuma ya kisiwa cha mawe. Akaondoka bila kuniaga. Mume wa Mama Kulwa naye akaondoka, na mkewe hakumuuliza neno.

Mchana mbingu ikafunga, nyeusi tii. Mvua ikapiga, mawimbi yakapanda hadi kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Kusimama siwezi, kukaa siwezi. Naingia majini mpaka magotini, natoka, naingia tena. Mitumbwi mingine ikarudi. Wa kwetu hakuna, wa jirani hakuna. Mvua ilipopungua, babu yako, baba mkwe wangu, akaandaa boti ya injini, akatugeukia sisi wanawake wawili.

"Wamekwenda upande gani?"

Nilijibu papo hapo. Mama Kulwa alifungua mdomo, hakuwa na la kusema.

Baba yako walimkuta nyuma ya kisiwa kile, ameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka, anatetemeka hata kuongea hawezi. Wewe umezaliwa kwa sababu ya mdomo huu, ujue. Mume wa Mama Kulwa walimtafuta huku na huko mpaka giza, na kesho yake wakarudi tena. Hawakumpata. Babu yako akawageukia wale walioguna asubuhi, akawaambia, "Nyavu tupu zinavumilika. Hili je?"

Mama Kulwa hunipigia simu mpaka leo. Tunaongea habari za wajukuu, halafu katikati ya maneno anasema, "Hata kama angenipiga kofi, ningemuuliza tu."

Sasa wewe umeoa juzi, unawasha pikipiki, unatuambia unatoka mara moja. Mkeo anaogopa kuuliza, asije akaonekana anakuchunga. Acha hizo, mwanangu. Mwambie unakokwenda, na ukibadili njia mpigie. Siyo kuchungwa huko; ni ili ukichelewa tujue pa kuanzia kukutafuta. Na wewe ukimpenda mtu, muulize. Akinuna, na anune.

Haya, nenda. Mungu akutangulie, akurudishe mzima, na asiwepo mtu wa nyumba hii atakayeulizwa ulipo akakosa jibu.