Mimi nilikuwa tabaka la mtandao

Leo nimeogopa upya, jamani.

Mpwa wangu anasomea kompyuta. Kanichorea mtandao wenye matabaka saba. Kila tabaka linapeleka mzigo bila kuufungua.

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa tabaka kabla mama yako hajaolewa."

Kweli kabisa. Miaka ya themanini, posta ya Kahama. Karani wa Geita anatuma maneno kwa waya, karani wetu anayaandika na kufunga bahasha, mimi napeleka kwa baiskeli. Nasoma anwani tu. Kwa mbio, hata fisi alinifukuza akakata tamaa.

Siku hiyo ilikuwa telegramu ya Mama Masanja, kule Ushetu. Mwanawe alikuwa anachimba dhahabu Geita. Telegramu nyingi wakati ule zilikuwa za msiba. Siku hiyo nilipiga pedali polepole njia nzima.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Sijui kusoma. Fungua wewe."

Kufungua haikuwa kazi yangu. Ninyi mngefanyaje?

Nikafungua. Nikasoma kwa darasa langu la nne, neno moja moja.

"Shimo... limeanguka..."

Mama akakaa chini kwenye vumbi. Nikatafuta neno linalofuata kwa kidole.

"...Mimi... mzima. Masanja."

Akanitazama sana.

"Mwanangu, shimo limemwacha mtoto. Wewe nusura uniue mimi."