Kanga ya Kufungia Tumbo

Mwanangu, kila mpunga unapovunwa hapa Majimoto hunijia asubuhi ile niliyokataa kumnyonyesha kaka yako. Alikuwa na siku kumi na mbili. Tumbo na mapaja yangu yalijaa vipele vyekundu, na jirani aliyeviona alikuwa ameniambia vitahamia kwa mtoto nikimpakata.

Mama mkwe alinikanda kila siku kwa maji ya moto, kisha akanifunga tumbo kwa kanga, kama wafanyiwavyo wazazi wa kwetu. Vipele vilipoanza niliona haya kumwambia, naye alidhani wekundu ule ni wa maji ya moto. Maji yakiwa ya moto sana muwasho ulitulia kidogo, hivyo nikawa naomba yaongezwe moto.

"Mkwe wangu huyu ni mvumilivu," aliwaambia wageni.

Baada ya sifa hiyo, ningeanzia wapi kulalamika?

Asubuhi hiyo matiti yalijaa hadi yakauma, na mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe akaagiza shangazi yangu aitwe kutoka Mamba. Shangazi alishuka kwenye pikipiki, akanawa mikono, akanifungua kanga, akaviona vipele, kisha akaikung'uta mlangoni penye mwanga. Vumbi la pumba likaruka.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Tuliitandika tukipepeta mpunga," mama mkwe alijibu taratibu. "Nilikung'uta tu. Maji yote nilimwekea mzazi."

"Basi nyie mmemfunga kama gunia."

Mama mkwe alicheka, kisha akafuta macho. Shangazi akanigeukia.

"Na wewe, mdomo unao. Unamnyima mtoto ziwa kwa sababu ya pumba?"

Akaniwekea mtoto kifuani. Alinyonya kwa pupa, mimi nikilia.

Alasiri tulikwenda zahanati. Muuguzi alinipima joto, akaitazama ngozi, akasema haikuwa ya kuambukiza: pumba, jasho na maji ya moto vilikuwa vimeikereketa. Alinipa dawa ya kupaka, akasema nioge maji ya uvuguvugu na nivae nguo isiyobana. Baada ya wiki moja nililala bila kujikuna.

Sasa wewe umebakiza wiki chache ujifungue. Nguo itakayogusa ngozi yako ifuliwe na kusuuzwa vizuri, hata kama imetoka kabatini. Usipake krimu za mnadani wala kuchanganya dawa. Ukipata homa, vipele vikitoa usaha au malengelenge, au mwili ukiwasha na macho yakawa ya njano, nenda zahanati siku hiyohiyo. Usiache kunyonyesha kwa neno la jirani, muulize muuguzi. Zaidi ya yote, sema mapema. Anayekukanda hawezi kujua unachokificha.

Mama mkwe ametangulia mbele za haki. Namkumbuka jioni ile akiifua kanga mara tatu, kisha akaianika mahali ambapo ningeiona.

Mungu akufungue salama, mwanangu, akupe mikono ya kukutunza kama ile, na ulimi wa kuiambia inapokuumiza.