Colette Anaenda Kusikia Black Furnace

Mwaka wa 1974, ukitaka kumukasirisha Colette Nkulu pale soko la samaki la Nchelenge, ilitosha kutaja Black Furnace. Bendi hiyo ya roki ilitoka Kitwe, kwenye migodi ya shaba, na vijana wote wa kando ya ziwa Mweru waliiabudu. Disiki zake zililia katika kila baa yenye jenereta. Colette alikuwa Mukongomani, muzaliwa wa Pweto, aliyevuka ziwa kufuata chisense, wale samaki wadogo wa kukausha, akaolewa na muvuvi wa hapo aitwaye Sampa.

"Sifa ya bure!" alisema, akitupa samaki kikapuni kana kwamba anawapiga. "Makelele ya balevi. Banagonga chuma, banaita muziki!"

Sababu ya hasira yake ilijulikana. Motere ya mutumbwi wao, waliyoipata kwa jasho la wote wawili, Sampa aliibadilisha kwa gitare la umeme na bafle yake, lile sanduku la kukuza sauti, bila kumuambia muke wake neno. Alirudi nyumbani na suruali pana na viatu vya kisigino kirefu vilivyozama kwenye muchanga. Nyavu akawaachia wadogo zake. Tangu hapo alishinda kwenye baa akipiga mwanzo wa wimbo mumoja wa Black Furnace, anakata, anaanza tena.

Matildah, dada ya Sampa, aliuza samaki karibu na Colette. Siku moja alichoka.

"Mulamu, unabatukana kila siku. Umekwisha kubasikia benyewe?"

"Nimesikia kaka yako. Inatosha."

"Kaka yangu si Black Furnace. Siku ya posho, Jumamosi hii, banapiga kule Mansa. Tuende."

Colette alikubali mbio mbio. Alitaka kuwatukana uso kwa uso.

Walipanda kamio, lori la kubeba samaki, wakafika Mansa muchana. Ukumbi ulijaa mupaka madirishani. Colette akajisukuma hadi mbele kabisa, akafunga mikono kifuani. Wakatoka vijana wanne wembamba wenye nywele nyingi, viatu vyao kama vya Sampa.

"Tazama hayo mambo," Colette akafyonza.

Wakaanza na ule wimbo wa Sampa. Lakini pale Sampa alipokuwa akikata, hawa waliendelea. Gitare likapanda, ngoma ikalifuata, muimbaji akaimba kwa Kibemba habari ya mama anayengojea mutoto wake aliyeshuka mugodini. Colette alitafuta kosa. Alilitafuta katika sauti, katika ngoma, hata katika namna walivyosimama, asilione. Machozi yakamutoka, akayapangusa kwa kitenge kwa hasira, kama mutu aliyeibiwa. Walikuwa wazuri kupita hata walivyosifiwa, na yeye alikuwa amesafiri njia yote ile ili wawe wabaya.

Walipomaliza, alimukuta mupiga gitare, Davison, akinawa uso kwenye bomba nyuma ya ukumbi. Akamuvamia kwa Kibemba chake cha sokoni.

"Ni wewe unayeharibu mabwana wa watu?"

"Nimefanya nini, mama?"

"Bwana yangu alitoa motere yetu ili apige kama wewe!"

"Na anapiga masaa mangapi kwa siku?"

Colette akatazama viatu vya kijana huyo. "Hapigi. Anavaa viatu."

Davison hakucheka. Akamuonyesha vidole vyake. Ncha zilikuwa ngumu kama za muvuta kamba. "Mimi nilianza na gitare la debe la mafuta. Sikumuambia mutu atoe kitu chake."

"Najua," alisema Colette, na kujua huko kulimuuma kuliko yote.

Kesho yake aliposhuka kwenye kamio hakupita nyumbani. Alienda moja kwa moja kwenye baa. Rafiki za Sampa wakageuka, wakingoja matusi.

"Mama Febby!" Sampa akamuita muke wake kwa jina la mutoto wao. "Sasa unasema nini? Ni makelele?"

"Hapana. Bale batoto banastahili sifa yao yote. Hata ni kidogo."

Sampa akaruka, akapiga makofi. "Mumesikia! Muke wangu mwenyewe!"

"Ngoja, sijamaliza! Niliwaza bale ndio bajinga, na weye bamekudanganya. Ningekusamehe. Kumbe banatumika kazi! Banatumika sawa batu ya kuvuta nyavu! Weye ulikamata motere yangu juu ya kukaa ku kiti! Piga sasa. Piga ule wimbo mupaka mwisho, mbele ya batu. Ukimaliza, sitasema tena."

Sampa akatazama gitare. Akapiga mwanzo ambao Nchelenge yote iliujua, akafika pale pake, akakata. Akaanza tena, akakata tena. Mutu mumoja akakohoa. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wacheke.

Colette akang'oa waya, akajitwisha bafle kichwani, akatoka nayo. Juma lile alivuka nayo hadi Pweto, akaibadilisha kwa motere ya zamani yenye kutoa moshi. Wadogo za Sampa wakawa wanavua kwa amri ya Colette.

Sampa alilala kwa ndugu zake mupaka mvua zilipoanza. Alipokuja kuomba musamaha, Colette alimupa bukari, ule ugali wa muhogo, na samaki, akamuonyesha wavu uliopasuka wa kushona, akaondoka kabla bwana yake hajamaliza kusema.